Wito kwa Tuwan: Kila Ploti Iketi, Ichague Stima Yake

Ndugu zangu wa Tuwan hapa Kitale, wapangaji na wenye ploti, mama mboga, mafundi, wanabodaboda, walimu na wazee wa mtaa, nanyi majirani zetu wa Bungoma: naja kwenu na ombi moja. Kabla mwezi huu haujaisha, kila ploti iitishe kikao kimoja cha kuzungumzia stima. Mwenye ploti awepo, keateka awepo, na kila chumba kitoe mtu wake. Saa moja inatosha.

Najua jibu linalokuja mdomoni haraka. Tukazungumze nini, na stima ni ya Kenya Power, bei inapangwa Nairobi, na kazi yetu ni kununua tokeni? Ni kweli kwamba hatuna uhuru walio nao wenzetu wa nchi nyingine. Ujerumani, tangu soko la umeme lifunguliwe mwaka 1998, mwenye nyumba anaweza kuiacha kampuni moja na kuhamia nyingine, akatafuta hata ile inayouza umeme wa upepo na jua pekee. Kwetu, Sheria ya Kawi ya 2019 ilifungua mlango kwa kampuni nyingine kusambaza na kuuza umeme, lakini mpangaji wa Tuwan anayetaka tokeni bado ana muuzaji mmoja. Hata Uganda, ng'ambo ya Malaba, kampuni iitwayo Umeme ilipomaliza mkataba wake wa miaka 20 tarehe 31 Machi 2025 na shirika la serikali la UEDCL kushika usukani, jina la muuzaji lilibadilika lakini mteja hakupewa wa pili wa kulinganisha naye.

Hata hivyo, kukosa muuzaji wa pili si kukosa la kuamua. Tunaamua kama stima inaingia chumbani kupitia mita halali au waya wa magendo. Tunaamua kama watu wa vyumba vinane watabanana kwenye mita moja au kila mmoja atakuwa na yake. Tunaamua tunapika na kupiga pasi saa ngapi, paneli gani itapanda juu ya mabati yetu na tunainunua kwa nani. Tunaamua pia kama tutafika kwenye vikao ambako bei na mipango ya kaunti hujadiliwa, au tutaendelea kuwaachia wengine watuzungumzie.

Stima yetu inatoka wapi

Asubuhi isiyo na ukungu, ukisimama Kitale na kutazama magharibi, unauona Mlima Elgon. Mto Suam unaanzia huko juu, unafuata mpaka wetu na Uganda, kisha unashuka Pokot na kuitwa Turkwel. Huko kwenye korongo ndiko liliko bwawa la Turkwel, lenye mitambo ya megawati 106, ambalo limezalisha umeme tangu mwaka 1991. Umeme huo unasafirishwa kwa laini kubwa kuja kwenye kituo cha Lessos na kuingia kwenye gridi ya taifa. Kwa hiyo mvua inayoinyeshea Elgon si ya mahindi yetu peke yake. Sehemu yake inaturudia kwa njia ya waya.

Turkwel ni fungu dogo la gridi hiyo. Fungu kubwa kuliko yote linatoka chini ya ardhi, kwenye mvuke wa Olkaria karibu na Naivasha, ambako mtambo wa kwanza uliwashwa mwaka 1981. Yako pia mabwawa ya Mto Tana, na uko upepo wa Loiyangalani katika Kaunti ya Marsabit, penye mitambo 365 yenye uwezo wa megawati 310. Hapa jirani, Uasin Gishu, yako mashamba ya sola ya Kesses, Selenkei na Cedate, kila moja likiwa na uwezo wa megawati 40. Tangu mwishoni mwa 2022, laini inayotoka Ethiopia hadi Suswa imekuwa ikituletea umeme wa mabwawa ya huko. Ukivijumlisha vyote, karibu asilimia 90 ya umeme unaopita kwenye gridi ya Kenya unazalishwa bila kuchoma mafuta. Ziko nchi tajiri ambazo zimetumia fedha nyingi kwa miaka mingi na bado hazijafika hapo.

Basi mtu wa Tuwan anayetaka stima safi tayari anayo kwenye mlingoti ulio nje ya ploti yake. Kazi iliyobaki ni kuiingiza ndani kwa njia ya halali, kuitumia kwa akili na kuilinda.

Usafi huo nao una deni lake, na sisi tunaoufaidi tunapaswa kulijua. Mwaka 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Meru iliamua kwamba hati za ardhi ya mradi wa upepo wa Loiyangalani zilitolewa bila kufuata utaratibu wa sheria, baada ya wenyeji kwenda kortini kuidai ardhi ya jamii. Stima haiwi safi kwa kukosa moshi peke yake. Inakuwa safi pia pale mwenye ardhi anapoulizwa kwanza. Tukidai haki yetu hapa Tuwan, tuwakumbuke na wale ambao taa zetu zinawaka kwa upepo wao.

Lile fungu la kumi

Fungu linalobaki, kama sehemu moja ya kumi, linatoka kwenye mitambo ya mafuta: Kipevu kule Mombasa, Thika, na Muhoroni upande wetu huu wa magharibi. Mitambo hii huwashwa zaidi mabwawa yakipungua, upepo ukilala, au jioni watu wote wakiwasha kila kitu kwa pamoja. Wakenya waliokuwa watu wazima miaka ya 1999 na 2000 wanakumbuka kiangazi kile kilivyokausha mabwawa, stima ikagawanywa kwa zamu. Hatari hiyo ndiyo iliyolisukuma taifa kuchimba mvuke zaidi.

Ukinunua tokeni, usiishie kwenye zile tarakimu 20 za kubonyeza. Soma ujumbe wote. Utaona kiasi ulicholipa, yuniti ulizopata, pesa zilizokwenda kwenye stima yenyewe na pesa zilizokwenda kwenye makato mengine. Ndani ya makato hayo yamo malipo ya mafuta yaliyochomwa, marekebisho ya thamani ya dola, tozo ya kusambaza stima mashambani, tozo ya maji, tozo ya EPRA, ambayo ni mamlaka inayodhibiti kawi na petroli, na ushuru wa VAT wa asilimia 16. Yale malipo ya mafuta hupanda na kushuka, na EPRA huyatangaza kila mwezi katika Gazeti Rasmi la Serikali. Mitambo ya mafuta ikifanya kazi zaidi, sisi ndio tunaolipia. Kwa hiyo stima chafu tunaikuta mara mbili: kwenye hewa na kwenye simu zetu.

Mita moja, vyumba vinane

Hapa ndipo ninapoomba tukae kidogo, kwa sababu ndipo pesa zetu nyingi zinapopotelea bila kelele.

Kwa bei zilizoanza kutumika Aprili 2023, wateja wa nyumbani waligawanywa katika makundi matatu. Anayetumia hadi yuniti 30 kwa mwezi alipangiwa Sh12.22 kwa yuniti. Anayezidi 30 lakini hafiki juu ya 100 alipangiwa Sh16.30. Anayepita 100 alipangiwa Sh20.97. Hizo ni bei kabla ya makato. Kundi lako hupangwa kwa wastani wa matumizi ya miezi mitatu iliyopita, na ukishawekwa kwenye kundi, yuniti zako zote huhesabiwa kwa bei ya kundi hilo. Viwango hupitiwa na kubadilishwa, kwa hiyo ulizia vya sasa, lakini mgawanyo wenyewe ni huo: anayetumia kidogo analipia yuniti yake bei ya chini.

Sasa tuangalie chumba kimoja cha kawaida hapa kwetu. Balbu mbili za LED za wati 9, zikiwaka saa tano kila siku, hazimalizi yuniti tatu kwa mwezi. Televisheni ndogo ya wati 40 kwa saa tano kila siku ni yuniti sita. Pasi ya wati 1,000 ikitumika saa moja kila wiki ni kama yuniti nne. Ongeza kuchaji simu na kuchemsha kitu kidogo hapa na pale, tuseme chumba kimefika yuniti 20. Huyu ni mtu wa kundi la chini, aliyekusudiwa ile bei ya Sh12.22. Yuniti zake 20 zingemgharimu Sh244.40 kabla ya makato.

Lakini ploti yake ina vyumba vinane na mita moja. Nane mara 20 ni yuniti 160. Machoni pa mfumo, huyo ni mteja mmoja anayetumia stima nyingi, na anawekwa kwenye kundi la juu kabisa. Sasa zile yuniti 20 za kila chumba zinagharimu Sh419.40. Tofauti ni Sh175 kwa chumba kila mwezi. Kwa ploti nzima ni Sh1,400 kwa mwezi, au Sh16,800 kwa mwaka, na ushuru bado haujaongezwa juu yake. Pesa hizo hazikununua hata mwanga wa dakika moja. Zimelipwa kwa sababu tu watu wanane wamesajiliwa kama mtu mmoja.

Tena mita ya pamoja huleta ugomvi. Wa balbu moja analipa sawa na wa friji. Anayefanya kazi usiku na kulala mchana anadaiwa sawa na mwenye kinyozi chumbani. Mtu akiona kwamba kubana matumizi hakumpunguzii chochote, naye anaacha taa iwake. Ploti nyingi zimevunja ujirani kwa jambo ambalo mita ingelimaliza.

Kwa wenye ploti, nasema kwa heshima: najua kuongeza mita kuna gharama. Kunahitaji kitambulisho, nambari ya PIN ya KRA, na cheti cha nyaya kutoka kwa fundi mwenye leseni ya EPRA. Serikali imewahi kushusha gharama hizi: mwaka 2015 mradi wa Last Mile ulipunguza ada ya kuunganishiwa kutoka Sh35,000 hadi Sh15,000, na katika mradi wa kupeleka stima kwenye mitaa ya mabanda, wateja walilipa Sh1,160 tu. Kwa hiyo nendeni ofisi ya Kenya Power hapa Kitale mkiwa kundi, ploti kadhaa kwa pamoja, mkaulize ni mpango gani ulio wazi sasa na ni nini kinahitajika. Mwenye ploti anaweza kutanguliza ada, wapangaji wakamrudishia kidogo kidogo kutoka kwenye zile Sh175 walizokuwa wakipoteza. Mita ikishakuwa ya kila chumba, yeye mwenyewe anapumzika na kazi ya kukusanya pesa za tokeni na kuamua kesi za taa.

Pale ambapo mita kamili haiwezekani kwa sasa, wekeni mita ndogo za ndani. Hazitawashusha kwenye kundi la bei, lakini angalau kila mtu atalipa alichotumia, na vita vitapungua.

Waya wa magendo

Tuseme wazi kuhusu stima ya kuunganishiwa usiku. Wanaoichukua si watu wabaya. Wengi ni wapangaji ambao hawakupewa njia nyingine, na wanalipa kila mwezi kwa mtu asiyewapa risiti. Lakini rahisi ghali. Waya huo hauna kikatizi cha kukata stima hitilafu ikitokea, hauna waya wa ardhini, na mara nyingi umepitishwa juu ya mabati au chini ya tope ambako watoto wanacheza. Nyumba zetu zimeshikana. Cheche moja kwenye ukuta wa mbao inatosha kuuteketeza mstari mzima, na lori la zimamoto halipiti kwenye vichochoro vyetu.

Transfoma nayo ina kipimo chake. Ikibebeshwa nyumba ambazo hazimo kwenye hesabu, inalemewa na kuungua, na giza linaingia hata kwa aliyelipa. Kisha kampuni inapopanga kuongeza transfoma, inatazama wateja wake walio kwenye vitabu, na sisi hatumo. Ndiyo maana naomba tusiifanye stima ya magendo kuwa siri ya ploti. Izungumzwe kwenye kikao bila kumwaibisha mtu, na swali liwe moja: tunaihalalishaje?

Jua la juu ya mabati

Wapo watakaosema kwamba stima ya gridi inapotea sana, na hawasemi uongo. Tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima iliingia gizani usiku, na sehemu nyingi zilikaa hivyo hadi kesho yake. Kwa nyumba nyingi, paneli ndogo ya sola ni rafiki wa kweli: taa, simu na redio haviulizi transfoma imefanya nini. Na hapa kwenye sola ndipo tunapokuwa na wauzaji wengi kweli wa kuchagua. M-KOPA ilianza kuuza Kenya mwaka 2012 kwa mtindo wa lipa mdogo mdogo, na leo wako d.light, Sun King na wengine wengi madukani na mitaani. Wakati wauzaji ni wengi, mnunuzi ndiye anayepaswa kuwa macho.

Kwanza, jua bei yote. Muuzaji atakuambia ni shilingi chache tu kwa siku. Chukua malipo ya siku, uyazidishe kwa siku zote za mkataba, uongeze malipo ya kwanza, kisha uulize bei ya taslimu. Andika namba zote mbili kwenye karatasi moja. Ukiona pengo ni kubwa kuliko faida ya kupewa muda, kuna chama kinachoweza kukukopesha kwa masharti mazuri zaidi.

Pili, uliza maswali ya siku mbaya. Nikikosa kulipa wiki mbili kwa sababu mtoto ameugua, taa zinafungwa mara moja? Nikilipa tena zinawaka baada ya muda gani? Paneli ina dhamana ya miaka mingapi, na betri miaka mingapi? Ikiharibika, naipeleka wapi hapa Kitale au Bungoma, na si Nairobi? Jibu lisiloandikwa usilihesabu. Ibara ya 46 ya Katiba inampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na haki ya kupewa maelezo anayohitaji ili afaidike nazo. Ukiuliza, hujamkosea muuzaji heshima.

Tatu, kagua kitu chenyewe. Ukinunua paneli dukani, igeuze. Nyuma kuna karatasi iliyobandikwa yenye wati, volti, ampea, namba ya paneli na jina la aliyeitengeneza. Isipokuwapo, iache. Ikiwapo, fundi wako aiweke juani saa sita mchana na kuipima kwa mita yake. Kama imeandikwa wati 100 lakini kwenye jua kali inatoa ampea za paneli ndogo, irudishe hapo hapo, kabla hujaibeba kwenye boda. Kwa kanuni za sola za mwaka 2012, anayefunga mitambo hii anapaswa kuwa na leseni ya EPRA, na leseni hizo zina madaraja, T1, T2 na T3, kulingana na ukubwa wa kazi. Mwombe akuonyeshe yake. Fundi mwenye leseni haudhiki kuulizwa.

Nne, pima kwa mwezi wa Julai. Muuzaji atakuonyesha mwanga wa Januari, anga ikiwa bluu kutoka Elgon hadi Cherangani. Lakini kwetu mvua hukaa miezi mingi, na kuna siku za katikati ya mwaka ambapo jua linachungulia tu. Betri inayotosha kiangazi inaweza kukuacha gizani saa mbili usiku wakati huo. Mwambie fundi akupigie hesabu ya mwezi mbaya.

Kwa mpangaji kuna jambo la tano: paa si lake. Kabla ya kupandisha paneli, aandikiane na mwenye ploti karatasi fupi inayosema paneli ni ya nani, itafungwa wapi, na kwamba akihama ataondoka nayo baada ya kuziba matundu ya mabati. Karatasi hiyo ya mistari michache inazuia machozi mengi.

Na betri ikifa, tusiitupe kwenye mtaro unaoelekea mtoni wala kumpa mtoto aichezee. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inamtaka mwenye kuleta bidhaa sokoni awajibike hata inapogeuka taka. Muulize muuzaji: betri ikichoka, mnaichukua? Jibu lake litakuambia mengi kuhusu yeye.

Somo la Bungoma

Kuhusu kununua kwa pamoja, hatuna haja ya kutafuta mwalimu mbali. Bungoma ndiko shirika la One Acre Fund lilikoanzia mwaka 2006, likianza na wakulima wachache waliojiunga kwenye vikundi na kuchukua mbegu na mbolea kwa mkopo wa kulipa polepole. Baadaye taa za sola ziliingia kwenye orodha ya vitu ambavyo mkulima angeweza kuchukua kwa mtindo huo huo, na mashamba mengi ya huko yakaaga koroboi. Mkulima mmoja akigonga mlango wa muuzaji anapewa bei ya mtu mmoja. Kikundi kikigonga, kinajadiliana.

Tuwan ina vyama kila kona: vya akina mama, vya boda, vya kanisa na vya msikiti. Chama cha watu 20 wanaotaka taa za sola kinaweza kuwaita wauzaji watatu siku moja, kuwauliza maswali yale yale mbele ya watu wote na kulinganisha majibu. Kinaweza kudai mafunzo ya matengenezo na fundi wa karibu kama sharti la kununua. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Wenye ploti wenye uwezo zaidi, wanaofikiria mtambo mkubwa wa sola, wajue kwamba kanuni za mwaka 2024 zinamruhusu mteja kuingiza umeme wake wa ziada kwenye gridi na kupewa sehemu yake kwenye hesabu ya stima anayonunua. Kunahitaji mkataba na Kenya Power na mita maalum, na mteja hapati yuniti kwa yuniti. Mtu apige hesabu kwanza, asidanganywe kwamba atatajirika kwa kuuza jua.

Saa za jioni na jiko la makaa

Mwaka 2025 mahitaji ya juu kabisa ya stima nchini yalipita megawati 2,300, na kilele hicho huja jioni, sote tukiwa tumerudi nyumbani. Upande wetu wa magharibi ndio unaobanwa mapema, ndipo mtambo kama wa Muhoroni unapoitwa. Kumbe usiku wa manane, watu wakiwa wamelala, kuna nyakati mvuke wa Olkaria huachwa upotee hewani kwa kukosa mtumiaji. Mteja wa nyumbani hapunguziwi bei kwa kutumia stima usiku au mchana, nami sitawaahidi hivyo. Lakini pasi ya sare za shule inaweza kupigwa mchana wa Jumapili badala ya saa mbili usiku, na tangi la maji la ploti linaweza kujazwa alfajiri. Nyumba moja haitikisi gridi. Mitaa yote kutoka Malaba hadi Kitale ikifanya hivyo inaitikisa.

Na jikoni pia. Maharagwe kwenye sufuria ya presha ya stima huiva kwa chini ya yuniti moja, na ndiyo sababu Kenya Power yenyewe imekuwa ikiwafundisha wateja kupitia kampeni ya Pika na Power. Gunia la makaa linatoka kwenye miti, na Elgon na Cherangani ni miongoni mwa minara mitano mikuu ya maji ya nchi hii. Mteremko ukibaki uchi, udongo unakwenda na mvua hadi kwenye mito na mabwawa, na bwawa lililojaa tope halina stima ya kutosha. Simkatazi mtu makaa ambaye hana mbadala leo. Namwomba aliye na uwezo wa kupunguza apunguze.

Sauti zetu

Katiba, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti kazi ya kusambaza stima na gesi ndani ya mipaka yake, na Sheria ya Kawi ya 2019 inazitaka ziandae mipango ya kawi. Kwa hiyo taa za barabarani, stima ya zahanati na ya soko ni mambo ya kuuliza Kaunti ya Trans Nzoia na Kaunti ya Bungoma, si Nairobi peke yake. Vikao vya maoni ya umma kuhusu bajeti vinapotangazwa, tufike tukiwa na ombi lililoandikwa. EPRA nayo husikiliza maoni ya wananchi kabla ya kupitisha bei mpya, na hupokea malalamiko ya mteja asiyeridhika na majibu ya kampuni. Huko ndiko tunakoweza kusema kwamba mpangaji wa chumba kimoja asitozwe bei ya mtumiaji mkubwa kwa sababu ya mita asiyoimiliki. Na siku muuzaji wa pili atakapobisha hodi, kama sheria inavyoruhusu, atukute tumeshajua kuuliza.

Ajenda ya kikao

Basi haya ndiyo ninayoomba yawekwe mezani. Kila chumba kije na ujumbe wake wa mwisho wa tokeni, au mwenye mita ausome kwa sauti. Mjumlishe yuniti za miezi mitatu na kujua mko kundi gani la bei. Muulizane ni vyumba vingapi havina mita halali, na mchague watu wawili wa kwenda ofisi ya Kenya Power pamoja na wajumbe wa ploti jirani. Wanaotaka sola waandike majina yao pamoja, wapange siku ya kuwaita wauzaji. Mtu mmoja apewe kazi ya kufuatilia tarehe za vikao vya kaunti na vya EPRA na kuwajulisha wengine. Yaandikwe kwenye daftari, na kila aliyekubali kazi aweke sahihi.

Chagueni siku leo. Jumamosi alasiri au Jumapili baada ya ibada ni nzuri, watu wengi wako nyumbani. Mwenye ploti asipoitisha kikao, mpangaji amwendee kwa adabu amwombe. Mpangaji akiogopa, keateka aanzishe. Na ploti itakayomaliza kikao chake iende kuwaelezea wa upande wa pili wa njia jinsi ilivyofanya.